Kura Ifuate Ligi

Mwaka 1986 ubingwa wa soka wa Tanzania Bara ulikwenda Tukuyu, mji mdogo wa Wilaya ya Rungwe unaojulikana zaidi kwa chai, ndizi na mvua. Tukuyu Stars ilikuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ikaingia Ligi Kuu na kutoka na kombe. Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Coastal Union ya Tanga. Lakini tangu Mtibwa Sugar ya Turiani ing'are wakati karne hii ikianza, ni Azam peke yake, msimu wa 2013/14, iliyoweza kuwanyang'anya Simba na Yanga taji hilo.

Wachambuzi wenzangu wakiulizwa kwa nini miji midogo imepotea kileleni hujibu kwa neno moja: fedha. Sibishi. Ila fedha zimeingia katika soka letu kuliko wakati wowote uliopita. Mei 2021 shirikisho la soka la Tanzania, TFF, na Azam Media walitiliana saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. FIFA nayo, kupitia mpango wake wa Forward, imetenga hadi dola milioni 8 kwa kila chama mwanachama kwa kipindi cha 2023 hadi 2026. Pamoja na hayo, nenda wilaya yoyote ya pembezoni mwezi wa Agosti, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani na vijana wana nafasi, uulize ligi ya wilaya inachezwa lini. Mara nyingi utaambiwa imeshakwisha, ilichezwa wiki tatu tu. Au haijaanza, anasubiriwa mdhamini. Au mwaka huu haikuwapo.

Anayetakiwa kujibu swali hilo ni chama cha mpira wa miguu cha wilaya, na juu yake chama cha mkoa: DRFA ya Dar es Salaam, COREFA ya Pwani, MREFA ya Mbeya, MZFA ya Mwanza, FARU ya Ruvuma na wenzao wote. Hivi ndivyo vyombo vinavyosimamia soka la ridhaa, soka la fundi baiskeli, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa bodaboda na mkulima wa mpunga. Magazeti ya michezo huvikumbuka mara moja kila baada ya miaka minne, uchaguzi wa TFF unapokaribia. Hilo lenyewe linaeleza mengi kuhusu kazi tuliyovipa.

Ngazi zenyewe ziko wazi. Klabu zinaunda chama cha wilaya, vyama vya wilaya vinaunda chama cha mkoa, na vyama vya mikoa ni wanachama wa TFF pamoja na klabu za Ligi Kuu na vyama vya makocha, waamuzi, wachezaji, madaktari wa michezo na soka la wanawake. Pembeni yake iko serikali. Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, iliyounda Baraza la Michezo la Taifa na kufanyiwa marekebisho mwaka 1971, iliweka usajili wa klabu na vyama chini ya Msajili, ikateremsha usimamizi hadi kamati za michezo za mikoa na wilaya. Ndiyo maana klabu ya kijijini haiwezi kuanza rasmi bila kupita kwa afisa michezo wa wilaya ikiwa na katiba yake na orodha ya wanachama.

Upande wa mashindano, bingwa wa wilaya anaingia Ligi ya Mkoa. Bingwa wa mkoa anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Wachache wanaofanya vizuri huko wanapanda First League, kisha Championship, hatimaye Ligi Kuu. Kwenye karatasi, njia kutoka uwanja wa shule hadi Uwanja wa Mkapa haina kizuizi.

Kasoro iko kwenye tarehe, kwa sababu ratiba ya mpira wetu inapangwa kutoka juu kwenda chini. Ligi ya Mabingwa wa Mikoa ina siku yake, nayo huchezwa kwenye vituo, mechi zikifuatana kwa muda mfupi. Ili mkoa upeleke jina la bingwa kabla ya siku hiyo, unazibana wilaya. Wilaya, ikiwa haina fedha wala usafiri, inabana ligi yake iwe mtoano, au makundi mawili na fainali. Timu iliyosajili vijana ishirini na watano, ikalipa ada, ikanunua jezi na kufanya mazoezi miezi mitatu, inafungwa Jumamosi mbili na msimu wake umekwisha.

Fikiri sasa kama kiongozi wa timu hiyo. Mwaka ujao utahangaika kulea kijana wa miaka kumi na sita acheze mechi mbili? Utamtafuta mchezaji mzoefu mjini, umpe nauli, chakula na kitu kidogo mfukoni, aje acheze Jumamosi hizo mbili kwa jina la mtu mwingine. Mamluki tunayemlalamikia kila mwaka, tukimwekea kanuni juu ya kanuni, picha juu ya picha na rufaa zisizokwisha, amezaliwa na ratiba fupi. Ligi ya mechi ishirini humchosha mamluki, maana hakuna anayeweza kumlipia nauli mara ishirini. Nimeona wilaya moja ikirefusha ligi yake bila kugusa kanuni ya usajili hata moja, na rufaa za wachezaji bandia zikapungua zenyewe.

Pengo la msimu huwa linajazwa na makombe. Kuna kombe la mbuzi, la ng'ombe, la diwani, la mbunge, la mfanyabiashara aliyerudi nyumbani sikukuu. Siyadharau hata kidogo. Yana mambo ambayo ligi ya wilaya haina: siku inajulikana, zawadi imefungwa pale pale kwenye mti watu wanaiona, na kuna gari la matangazo linalopita mitaani tangu asubuhi. Dar es Salaam imeonyesha tangu 2014, kupitia Ndondo Cup, kwamba soka la mitaani likipangiwa vizuri linajaza uwanja kuliko mechi nyingi za daraja la juu. Lakini kombe la mbunge lina umri wa mbunge. Likija mwaka wa uchaguzi linakuja na mipira na jezi za rangi zote, uchaguzi ukipita linakwenda. Na wakati lipo, viongozi wa chama cha wilaya hugeuka waratibu wake wa kulipwa posho, ratiba yao wenyewe ikiwekwa kabatini.

Halafu kuna mwamuzi. Mahali pengi wilayani posho yake hulipwa siku ya mechi, pembeni mwa uwanja, kutokana na michango ya timu mbili zinazocheza. Timu ya nyumbani ikichelewesha, mechi inachelewa. Timu ya ugenini ikiona mwenyeji ndiye aliyemkabidhi mwamuzi bahasha, imeshajiaminisha matokeo kabla ya filimbi. Mwamuzi mwenyewe ni kijana wa daraja la tatu anayeota kupanda daraja na kufaulu majaribio ya kukimbia, na hapo amewekwa katika nafasi ambayo hata mtakatifu angesingiziwa. Fujo nyingi tunazoziita utovu wa nidhamu wa mashabiki zinaanzia kwenye bahasha hiyo.

Hesabu ya kuiondoa si ya kutisha. Chukua wilaya yenye timu sita tu. Zikicheza nyumbani na ugenini ni mechi thelathini. Tuseme waamuzi watatu na kamisaa wanagharimu jumla ya Sh60,000 kwa mechi. Msimu mzima ni Sh1,800,000, yaani Sh300,000 kwa timu, ilipwe kwa chama kwa awamu kabla ya mpira kudunda, chama kimlipe mwamuzi. Timu nyingi hutumia zaidi ya hapo kukodi gari la kwenda fainali ya kombe la ng'ombe. Fedha ipo, inazunguka vijijini kila Jumapili. Kinachokosekana ni chombo ambacho klabu zinakiamini kiasi cha kukikabidhi fedha hiyo mwezi Mei zikijua mwezi Septemba itakuwa imefanya kazi yake.

Na kwa nini hakiaminiwi? Kwa sababu klabu hazioni kwamba kinaishi kwa ajili yao. Mwenyekiti wa wilaya hupata uzito wake mkoani kwa kuwa ana kura. Mwenyekiti wa mkoa hupata uzito wake taifa kwa kuwa ana kura, na pia kwa kuwa ana udhamini wa kutoa. Katika uchaguzi wa TFF wa 2021 kila mgombea urais alitakiwa kupata wadhamini watano kutoka miongoni mwa wanachama wa shirikisho. Wallace Karia akabaki peke yake kwenye karatasi ya kura, na mwaka 2025 akapita tena bila mpinzani. Simlaumu mgombea kwa kutumia kanuni zilizopo. Ninachosema ni kwamba kanuni hizo zinampa kiongozi wa mkoa thamani kubwa kwa saini yake na mkono wake ukumbini, lakini hazimuulizi hata mara moja wilaya zake zimechezesha mechi ngapi. Mkoa wenye ligi ya miezi sita na mkoa uliomtoa bingwa kwa mechi nne inaingia ukumbini na haki ileile.

Jirani zetu wa Kenya wameonja ubaya wa kuacha jambo hili bila majibu. Mwishoni mwa 2019 na tena Machi 2020, mahakama yao ya migogoro ya michezo ilifuta michakato ya uchaguzi wa shirikisho lao la soka, FKF, mabishano yakiwa juu ya kanuni za uchaguzi wenyewe, kuanzia ngazi ya kaunti. Novemba 2021 serikali ikaivunja kamati ya utendaji ya shirikisho, Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo hicho kikaondolewa mwezi Novemba mwaka huohuo. Nani anawakilisha klabu za mashinani ni swali lenye gharama kubwa, na gharama yake hulipwa na mchezaji.

Nchi niliyoichunguza kwa muda mrefu katika suala hili ina michezo yake ya asili, tofauti na mpira wetu. Ni Ireland. Chama chao cha michezo ya asili, GAA, kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja ya mji mdogo wa Thurles, kaunti ya Tipperary, kwa wito wa mwalimu Michael Cusack, na Maurice Davin akawa rais wake wa kwanza. Kinasimamia hurling, mchezo wa fimbo na mpira mdogo unaoruka kwa kasi ya kutisha, pamoja na kandanda ya Kigaeli ambayo mkono unaruhusiwa. Uwanja wao mkuu, Croke Park wa Dublin, unabeba watu 82,300, na siku ya fainali hujaa. Wachezaji wanaoshangiliwa na umati huo hawalipwi mshahara wa kucheza. Jumatatu wanarudi kufundisha, kulima na kufunga nyaya za umeme.

Watu wengi husikia habari hiyo na kushangaa uwanja. Mimi nashangaa kamati ya kaunti. Ireland yote ina kaunti 32, na katika kila moja kamati hiyo inaundwa na wajumbe waliotumwa na klabu. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Desemba, unafanyika mkutano wa kaunti ambao klabu zinasomewa taarifa ya katibu na hesabu za mweka hazina, zinahoji, zinachagua. Kiongozi wa kaunti haruhusiwi kukalia nafasi moja zaidi ya miaka mitano mfululizo. Rais wa chama kizima hukaa miaka mitatu, akamwachia mwingine. Sehemu muhimu ya mapato ya kamati hutoka mlangoni, kwenye mashindano ya klabu za kaunti yenyewe, kwa hiyo kamati isiyochezesha mechi inajinyima chakula. Juu ya kaunti kuna mabaraza ya majimbo manne, Munster, Leinster, Connacht na Ulster, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha baraza kuu. Fedha zinazokusanywa Croke Park sehemu yake kubwa hurudi chini.

Kaunti ya Leitrim ina watu wapatao elfu thelathini na tano. Rungwe ina zaidi ya laki mbili. Leitrim ina klabu zaidi ya ishirini, zenye madaraja ya wakubwa, ya kati na ya chini, na bingwa wa kila daraja anapatikana uwanjani kila mwaka. Klabu inafungwa na parokia: unachezea mahali ulipozaliwa au unapoishi, na kuhama ni jambo la kuandikiwa barua na kujadiliwa. Uwanja unamilikiwa kwa jina la wadhamini wa klabu na chama, hivyo hakuna diwani wala tajiri anayeweza kuamka asubuhi na kuugawa viwanja vya nyumba.

Sitaki kuipamba Ireland. Vijiji vyake vinapoteza vijana wanaokwenda Dublin, London na Australia, na klabu zilizokuwa mahasimu kwa miaka mia zinalazimika kuungana ili zipate watoto wa kutosha timu moja. Mwaka 2012 mkurugenzi mkuu wa GAA, Páraic Duffy, alichapisha waraka uliokiri kwamba makocha wengi wanalipwa kwa siri wakati chama ni cha ridhaa. Na kwa miaka mingi mchezaji wa kawaida wa klabu alionewa kama anavyoonewa wa kwetu: timu za kaunti, zenye televisheni na mashabiki, zilimeza majira yote ya kiangazi, na yeye akakaa bila kujua mechi yake ni Juni au Oktoba. Hakuweza kupanga harusi, safari wala kazi.

Namna walivyolitatua ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 2017 wachezaji wa klabu waliunda umoja wao wenye dai moja tu, ratiba. Hawakudai posho wala nafasi kwenye kamati. Walisema wanataka kujua siku ya mechi. Mjadala ukashuka klabuni, ukapanda kaunti, ukafika mkutano mkuu, na mwaka 2021 msimu uliogawanywa ukapitishwa. Kuanzia 2022 timu za kaunti zina nusu ya kwanza ya mwaka, fainali zao zikichezwa Julai, na nusu ya pili ni ya klabu peke yake. Umoja ule wa wachezaji ulipopata ratiba ukajivunja wenyewe. Dai la mtu wa chini kabisa lilisafiri hadi juu likarudi likiwa kanuni, kwa sababu kila ngazi ya chama ilimhitaji aliye chini yake ili iendelee kuwapo.

Sasa rudi Tanzania, wilayani Mbarali. Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates huko Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga, timu ya Ihefu iliifunga Yanga mabao 2–1 na kukata mfululizo wake wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ililitamka jina la Mbarali siku hiyo. Mwaka 2024 timu ileile ilikuwa Singida, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Hakuna aliyevunja kanuni. Mwenye timu alihamisha mali yake, na Singida wana haki ya kuifurahia. Ila watu wa Ubaruku waliojaza uwanja ule hawakuwa na mahali pa kusimama na kusema neno, kwa kuwa klabu haikuwa na wanachama wenye kura yenye nguvu, na chama cha wilaya hakikuwa na kauli juu ya leseni iliyozaliwa kwake. Namungo ya Ruangwa, mji mwingine wa wilaya, ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Naiombea maisha marefu palepale Lindi. Lakini miji midogo itakayopanda kwa mfuko wa mtu mmoja, bila ligi ya wilaya iliyo hai chini yake, itapanda na kushuka na mtu huyo.

Kuhusu viwanja niseme kwa kifupi, maana ni suala la safu nzima. Viwanja vingi vikubwa vya mikoani ni mali ya CCM, na vya wilayani vingi ni vya shule au ardhi ya kijiji isiyo na hati ya mtu yeyote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakiruhusu kijiji kupanga matumizi ya ardhi yake na kuitenga kwa matumizi ya pamoja. Chama cha wilaya kilicho makini kingekuwa na daftari la viwanja vyake vyote, na kila kikao cha mpango wa matumizi ya ardhi kingemkuta katibu wake amekaa mstari wa mbele.

Wanawake wako hali mbaya zaidi. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17 na imetoa wachezaji wanaocheza nje ya nchi, lakini wilaya zenye ligi ya wasichana ni za kutafuta kwa tochi. Netiboli, ambayo ndiyo mchezo wa wasichana vijijini, ina chama chake, CHANETA, na matawi yake. Binti anacheza UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, UMISSETA akiwa sekondari, anabeba vikombe vya mkoa, kisha anamaliza kidato cha nne na mchezo unakwisha hapohapo. Shule ilikuwa na ratiba, wilaya haina. Akibahatika kuajiriwa serikalini atauona mpira tena kwenye michezo ya watumishi, SHIMIWI au SHIMISEMITA. Anayebaki kijijini ndio mwisho. Huko Ireland chama cha camogie, hurling ya wanawake, kilianza 1904 na cha kandanda yao 1974, na sasa vyote viwili viko kwenye mchakato wa kuungana na GAA viwe chombo kimoja. Kwetu uhaba wa fedha unatosha kuwa sababu ya kuanza na hatua hiyo: siku moja, uwanja mmoja, netiboli saa nane, mpira wa miguu saa kumi, mlango mmoja wa mapato.

Kwa hiyo pendekezo langu ni moja, nalo naliamini kwa moyo wote. Kura ifuate ligi. Chama cha wilaya kisichochezesha ligi kamili ya nyumbani na ugenini, yenye timu zisizopungua sita na matokeo yaliyothibitishwa na kamisaa, kisipeleke mjumbe kupiga kura mkoani mwaka huo. Chama cha mkoa ambacho nusu ya wilaya zake hazikucheza kisipige kura TFF, wala udhamini wake kwa mgombea yeyote usihesabiwe. Kanuni kama hiyo haihitaji shilingi moja ya serikali. Inahitaji kifungu kwenye katiba, na tarehe ya kukabidhi taarifa.

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa nimeshajibiwa hivyo vikaoni. Kwanza, kwamba nitaziadhibu wilaya maskini. Hoja hiyo ni nzito, hasa kwa wilaya ambazo kijiji hadi kijiji ni kilomita themanini za vumbi, na masika yakianza hakuna gari linalopita. Ndiyo maana kanuni ianze kwa msimu wa maandalizi, wilaya kubwa ziruhusiwe kucheza kwa kanda halafu mabingwa wa kanda wakutane nyumbani na ugenini, na sehemu ya mgawo unaokwenda mikoani ifuate idadi ya mechi zilizochezwa. Hapo wilaya maskini inayocheza itapata zaidi ya wilaya yenye uwezo iliyolala. Hivi leo zote hazipati kitu, na zote zinapiga kura.

Pili, kwamba watu watapika matokeo. Watajaribu. Ndiyo maana ratiba ibandikwe kabla ya msimu kuanza, kwenye ubao wa ofisi ya kata na kwenye makundi ya simu ya klabu, na matokeo yatangazwe Jumatatu inayofuata. Mechi ya uongo ni rahisi kuiandika kwenye taarifa ya mwisho wa mwaka. Ni vigumu kuitangaza wiki moja baada ya siku yake, katika kijiji ambacho kila mtu anajua kama mpira ulichezwa au uwanja ulikuwa na mbuzi.

Tatu, na hii husemwa kwa sauti ya chini, kwamba viongozi wa mikoa hawatapitisha kanuni inayoweza kuwanyima kura. Inawezekana. Lakini wajumbe wa mkutano mkuu wa mkoa wanatoka wilayani, na wa wilayani wanatoka kwenye klabu. Hakuna ngazi isiyo na mtu aliyetumwa na klabu fulani yenye jezi zilizopauka na mpira mmoja. Mtu huyo akitumwa na swali moja akalirudia, litaingia kwenye kumbukumbu za kikao, na likishaingia kwenye kumbukumbu halifutiki kirahisi.

Wewe uliye katibu au mwenyekiti wa klabu ya kijiji, na unajua mkutano wa chama chako cha wilaya unakuja, andika barua leo, wiki kadhaa kabla, kama katiba yenu inavyoelekeza. Omba ajenda moja iwekwe kabla ya uchaguzi na kabla ya taarifa ya fedha: orodha ya mechi zilizochezwa msimu uliopita, tarehe zake, viwanja na matokeo. Isomwe yote kwa sauti, mechi baada ya mechi, mbele ya wagombea. Kisha mpige kura.